Mtoto akianguka vitani, mama yake asiulizwe ni mwiko gani ulivunjwa

SWIMA, teritwari ya Fizi – Kuna swali linaloulizwa kwenye matanga huku kando ya ziwa ambalo wakati umefika likome. Linaulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi na watu wasio na nia mbaya: "Alivunja mwiko gani?"

Kijana amekwenda na wapiganaji. Shingoni au kiunoni amefungwa mfuko mdogo wa kitambaa au wa ngozi, na ameambiwa kwamba risasi ikimfikia itageuka maji. Risasi haikugeuka. Maiti imeletwa, au haikuletwa kabisa, na kabla mama hajakauka machozi watu wameanza kutafuta kosa. Alikula chakula kilichopikwa na mwanamke aliye katika siku zake? Alipeana mkono na mtu asiyekuwa mpiganaji? Aliiba kuku wa raia? Alilala na msichana? Aliogopa, akageuka nyuma?

Swali lingine haliulizwi: nani alimfunga mfuko ule, kwa pesa ya nani, na kwa kazi gani? Aliyeufunga anakuja matangani kama mgeni mwingine yeyote, anakaa, anakunywa, anatikisa kichwa. Keshoye atafunga mwingine.

Jambo hilo ndilo la kupingwa. Hirizi ya vita imepangwa kwa namna ambayo anayekufa ndiye siku zote mwenye hatia. Hiyo ndiyo kasoro yake kubwa, inayozidi hata kushindwa kwake kuzuia risasi. Maadamu watu wa Swima, Makobola, Mboko na Baraka wanaendelea kuwashitaki marehemu, waliowatuma marehemu hao hawatajibu kitu.

Isieleweke vibaya. Mfuko wa kinga si jambo la aibu, wala si la Fizi peke yake. Neno hirizi asili yake ni Kiarabu, likazoeleka pwani ya Waswahili, ambako aya za Kurani huandikwa kwenye karatasi, zikakunjwa na kushonewa ndani ya ngozi au kitambaa. Afrika ya Magharibi wana mfuko wao wanaouita grigri, na neno hilo limeingia hata katika maongezi ya Kongo kupitia Kifaransa. Mahali pengine ndani huwekwa mizizi, magome, mifupa, nywele au udongo. Bibi anayemfunga mjukuu wake uzi kiunoni ili alale usingizi hakumuuzia kitu. Hakumtuma mahali popote pia. Uzi ule unamwambia mtoto kwamba yuko mtu anayemfikiria. Bibi huyo aachwe na uzi wake, mradi mtoto akishikwa na homa au kuhara apelekwe kituo cha afya siku ile ile, maana kipindupindu ni mkaaji wa kudumu wa mwambao huu na hakisubiri uzi ufanye kazi.

Ugomvi ni na mfuko wa aina nyingine: ule unaogawiwa au kuuzwa kwa ahadi ya kuzuia risasi, unaofungwa mwilini mwa kijana ili atumwe mahali ambapo aliyeufunga mwenyewe haendi.

Tazameni jinsi ahadi hiyo inavyofanya kazi. Mvuvi akinunua mtumbwi, ukaingia maji siku ya kwanza, anamrudia fundi. Fundi hawezi kumjibu: "Mtumbwi ni mzima, ila wewe asubuhi ulimsalimia mjane." Akisema hivyo ufuko wote utamcheka, na hatauza mtumbwi mwingine. Anayeuza nyavu za ndagala zilizooza ataitwa mwizi. Hata anayeuza vidonge vya malaria vilivyopita tarehe anaweza kupelekwa kwa shefu. Katika biashara zote za mwambao huu, kitu kikishindwa, muuzaji anaulizwa. Biashara moja tu imejiondoa katika sheria hiyo, na ndiyo ile ambayo ikishindwa mtu anakufa.

Imejiondoaje? Kwa miiko. Miiko ni mingi kiasi kwamba hakuna binadamu anayeweza kukaa wiki nzima bila kuvunja mmoja. Asiguse kile, asile hiki, asipite pale, asioge siku fulani, asiguswe na fulani. Na juu ya yote, asiogope. Lakini nani hana woga risasi zinapolia? Mtoto wa miaka 15 mwenye njaa, porini, usiku, mvua ikimnyeshea, anaambiwa kwamba woga wake wenyewe ndio utakaomuua. Kwa hiyo amekwisha kuhukumiwa kabla hajatoka nyumbani. Akirudi hai, ni ushahidi kwamba dawa ina nguvu. Akifa, ni ushahidi kwamba yeye alikuwa mchafu. Anayeuza anashinda pande zote mbili.

Wazee wa Fizi hawahitaji kufundishwa haya na mtu wa nje, kwa sababu yamepita katika ardhi yao. Mwaka 1964 uasi wa Simba ulishika Uvira mwezi wa Mei, Kalemie, iliyoitwa Albertville, mwezi wa Juni, na Kisangani, iliyoitwa Stanleyville, mwezi wa Agosti. Wapiganaji walinyunyiziwa maji ya dawa, wakasonga mbele wakipaza sauti "Mai Mulele", kwa jina la Pierre Mulele aliyeongoza uasi upande wa Kwilu. Jina la Mai-Mai linalosikika mpaka leo linatokana na neno hilo hilo la maji.

Tarehe 24 Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akafika Kibamba, kwenye mwambao wa Fizi, na kundi la kwanza la Wakuba wenzake. Huku alipewa jina la Kiswahili, Tatu. Katika maandishi aliyoacha kuhusu Kongo, dawa ni moja ya mambo yaliyomshangaza mapema. Alielezwa masharti yake: mpiganaji asichukue kitu kisicho chake, asiguse mwanamke, asiogope. Aliona upesi hatari iliyomo. Mtu akifa, inasemwa aliiba, au alilala na mwanamke, au aliogopa. Na kwa kuwa kila mtu huogopa, maelezo hayakosekani kamwe.

Mwisho wa Juni mwaka ule walishambulia ngome ya jeshi kwenye mtambo wa umeme wa Bendera. Mambo yaliharibika. Wakuba wanne waliuawa pamoja na wapiganaji wengine, na wengi walikimbia na kutupa silaha. Mganga aliyewapa dawa alijitetea kwa njia ile ile ya siku zote: wanawake, na woga. Lakini kule hapakuwa na wanawake, na watu hawakukubali wote kusema kwamba waliogopa. Utetezi ulimshinda, akaondolewa, akatafutwa mganga mwingine.

Hapo pana somo ambalo Fizi imelisahau. Siku moja, mwaka 1965, lawama iliwahi kurudi kwa yule aliyetoa dawa. Ilirudi kwa sababu maiti zilikuwa nyingi mno kwa siku moja, na waliobaki hai walikataa kujitia hatiani. Lakini somo halikufika mwisho. Waligeuza mganga, hawakugeuza mpango. Kabla mwaka haujaisha Baraka ilikuwa imechukuliwa tena na jeshi la serikali pamoja na mamluki wa Mike Hoare, Che alivuka ziwa kurudi Tanzania mwezi wa Novemba, na wanakijiji ndio waliobaki milimani na vichakani kuhesabu watu wao.

Ng'ambo ya ziwa yalitokea mapema zaidi. Mwaka 1905, kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji yaliyoaminiwa kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Yeye mwenyewe alinyongwa tarehe 4 Agosti mwaka ule, vita ikiwa ndiyo kwanza imeanza, kwa hiyo hawezi kushitakiwa kwamba alijificha. Lakini mwisho wa mwezi ule, kule Mahenge, watu waliokwenda wima mbele ya bunduki za rashasha waliangushwa kwa mamia. Hesabu ya waliokufa katika vita vile hadi 1907 inakadiriwa kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Wanawake na watoto waliokufa njaa hawakuwa wamefungwa kinga yoyote. Familia zilizokimbia vijiji vyao mwaka huu na zinalala kwenye madarasa na makanisa zinaelewa hilo bila kuelezwa: kinga hupewa mwenye bunduki, gharama hulipa mwenye shamba.

Uganda, mwaka 1986 na 1987, Alice Auma aliyeitwa Lakwena aliwapaka wapiganaji wake mafuta na kuwapa orodha ya masharti. Aliyekufa alihesabiwa kuwa alikuwa na dhambi. Jeshi lake lilifika karibu na Jinja, likavunjwa. Yeye alikimbilia Kenya, akaishi miaka mingi mkimbizi, akafia kambini Dadaab Januari 2007. Vijana aliowaongoza wengi hawakupata hata nafasi hiyo ya kuwa wakimbizi.

Na ndani ya Kongo hii hii, Kasai, baada ya chifu wa Kamuina Nsapu, Jean-Pierre Mpandi, kuuawa Agosti 2016, watoto wengi walifungwa vitambaa vyekundu kichwani, wakanyweshwa dawa, wakatumwa mbele ya jeshi. Wengine mikononi walikuwa na fimbo na vyombo vya jikoni. Waliambiwa risasi hazitawapata. Makaburi ya Kasai yana jibu.

Watetezi wa hirizi ya vita wana hoja, na ni haki isikilizwe. Wanasema: raia waliachwa peke yao. Aliyewashambulia alikuwa na mizinga na magari, wao walikuwa na mapanga na bunduki chache zilizochakaa. Dawa iliwapa moyo, ikawaunganisha watu ambao bila hiyo kila mmoja angekimbilia kwake. Bila dawa, wanasema, Fizi ingekwisha zamani. Makobola yenyewe, kati ya 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, watu zaidi ya 800 waliuawa, na hakuna jeshi la serikali lililokuja kuwakinga. Nani basi anaweza kuwacheka watu waliotafuta nguvu mahali walipoweza?

Hakuna wa kuwacheka. Ni kweli kwamba dawa iliunganisha watu. Ni kweli kwamba moyo unahitajika. Lakini hoja hiyo inaacha jambo moja. Mpiganaji anayejua kwamba risasi inaua huinama, hulala chini, hujificha nyuma ya jiwe, hurudi nyuma akizidiwa. Hiyo ndiyo kinga pekee ya mtu mwenye bunduki mbovu. Anayeamini kwamba risasi ni maji husimama. Hirizi inamnyang'anya mnyonge kinga ndogo aliyokuwa nayo, kisha inaitwa kinga.

Na kuna baya zaidi, upande wa anayeongoza. Komanda anayejua kwamba ataulizwa kuhusu kila kijana aliyekufa atapanga njia ya kurudi nyuma, atatafuta muuguzi, atakataa kuchukua watoto, atafikiri mara mbili kabla ya kushambulia. Komanda anayejua kwamba marehemu ndiye atakayelaumiwa hahitaji kufanya hata kimoja katika hayo. Asiyelaumiwa kwa kifo cha jana hana sababu ya kuzuia kifo cha kesho. Hii haihusu kundi moja wala kabila moja. Liitwe Mai-Mai, Wazalendo au jina lingine lolote, liwe la mwambao au la milima ya juu, lolote linalotuma vijana kwa ahadi ya mfuko linafanya hesabu ile ile.

Wengine wanatetea kwa njia ya urithi. Wanasema mfuko huu ulivuka bahari pamoja na mababu waliouzwa, na kuudharau ni kuwadharau. Ni kweli ulivuka. Katika karne ya 18, Waafrika waliokuwa watumwa Brazil na Ureno walivaa mifuko iliyoitwa bolsa de mandinga, ndani yake karatasi zilizoandikwa maombi na alama, mawe, mizizi na vitu vingine, ili wasiumizwe kwa kisu wala kwa risasi. New Orleans, Marekani, neno grigri liko mpaka leo. Haiti wana mafurushi yanayobeba jina la Kongo yenyewe. Watu wale walinyimwa sheria, walinyimwa jina, walinyimwa hata miili yao. Mfuko ulikuwa kitu kidogo ambacho bwana hakuwapa. Hilo linastahili heshima.

Lakini historia hiyo isomwe yote. Wenye mamlaka waliutumia mfuko ule kama ushahidi. Lisbon, Baraza la Kuchunguza Imani la Kanisa liliwafunga na kuwatesa Waafrika waliokutwa na mifuko hiyo, likisema wamefanya mapatano na shetani. Na Salvador, Bahia, usiku wa kuamkia 25 Januari 1835, watumwa na watu huru wa Kiafrika, wengi wao Waislamu, waliamka dhidi ya utumwa wakiwa wamevaa hirizi zenye maandishi ya Kiarabu. Zaidi ya 70 waliuawa. Polisi walikusanya hirizi kutoka kwenye miili yao. Karatasi zile zimehifadhiwa, na bado zinasomeka, waliozivaa wamekwenda. Watu wale wanaheshimiwa kwa sababu ya walichokidai, uhuru, na walikwenda wenyewe pamoja na viongozi wao. Hakuna anayewaheshimu kwa kumfunga mtoto wa mwenzake mfuko na kubaki nyuma.

Mtoto wa mwenzake, ndiyo. Neno kadogo limezoeleka mno Kongo, mpaka linasikika kama jina la upendo. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kumwingiza mtu aliye chini ya miaka 18 katika jeshi au kundi lenye silaha, na kifungu chake cha 187 kinatoa adhabu ya kifungo cha miaka 10 hadi 20. Thomas Lubanga wa Ituri alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tarehe 14 Machi 2012 kwa kosa hilo hilo la kutumia watoto walio chini ya miaka 15, akapewa miaka 14. Hakuna mahali katika sheria hizo panaposemwa kwamba mtoto akifungwa hirizi, kosa linafutika. Kinyume chake ndicho kinachopaswa kusemwa kwenye baraza za vijiji: mfuko ule ndio sare ya kwanza ya mtoto. Anayeufunga anaandikisha askari. Wako hata wanaowapendelea watoto kwa kazi ya kutunza na kunyunyiza dawa, kwa kuwa eti bado ni safi. Usafi wa mtoto ni sababu ya kumwacha shuleni.

Familia zilizokimbia ndizo zinazobanwa zaidi. Chukueni mfano wa mama aliyefika kando ya ziwa na watoto watano, hana shamba, hana ndugu mwenye nyumba, analala kwenye darasa. Mwanaye wa kwanza ana miaka 16. Anaambiwa kijana akijiunga, familia itaheshimiwa na kulindwa. Na kijana mwenyewe, akifungwa, hatapatwa na kitu. Mama huyo hadanganyiki kwa ujinga. Anachagua kati ya milango miwili iliyofungwa, na mmoja umepakwa rangi ya matumaini. Anayempa matumaini hayo kwa pesa, au kwa mwili wa mwanaye, anafanya biashara juu ya shida yake.

Na wako wanaofaidika wakiwa mbali zaidi ya mganga na komanda. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 16, inasema binadamu ni mtakatifu na Serikali ina wajibu wa kumheshimu na kumlinda. Kifungu cha 52 kinasema Wakongomani wote wana haki ya amani na usalama. MONUSCO ilimaliza kazi yake Kivu Kusini Juni 2024 kwa makubaliano na serikali, ambayo ilisema majeshi yake yatachukua nafasi. Februari 2025 Bukavu ilianguka mikononi mwa M23, na watu wakateremka kuelekea Uvira na Fizi wakiwa na magodoro kichwani. Wajibu wa kulinda raia una mwenyewe, na anajulikana kwa jina. Kila mara kifo cha kijana kinapoelezwa kwa mwiko uliovunjwa, mwenye wajibu huo analala usingizi mzuri. Hakuna waziri atakayeulizwa kwa nini barabara ya Uvira hadi Baraka haina usalama, kama kijiji kimekwisha kukubaliana kwamba tatizo lilikuwa ni sombe aliyokula marehemu.

Wachungaji na manabii wasishangilie haraka. Wako wanaohubiri dhidi ya hirizi asubuhi, na jioni wanauza mafuta, vitambaa na bangili za kinga kwa masharti yale yale: ukipatwa na baya, imani yako ilikuwa ndogo. Ni mfuko ule ule umebadilishiwa kitambaa.

Tena wako wanaofanya kibaya zaidi: wanageuza mfuko kuwa ushahidi wa uchawi. Septemba 2021 wanawake waliuawa katika Kivu Kusini, wengine kwa kuchomwa moto, baada ya watu waliojiita wenye maono kuwataja kuwa wachawi. Wengi waliokuwa wakitajwa ni wazee. Mgeni aliyekimbia vita, asiye na ukoo kijijini, akikutwa na kifurushi cha mizizi kwenye mzigo wake, yuko hatarini zaidi ya mwenyeji. Kwa hiyo lolote lililosemwa hapa dhidi ya hirizi ya vita lisitumiwe na mtu yeyote kupekua mizigo ya wakimbizi wala kumnyooshea kidole bibi wa watu. Anayemchoma mzee kwa sababu ya mfuko na anayemtuma mtoto vitani kwa sababu ya mfuko ni ndugu. Wote wawili wameupa mfuko nguvu ya kuua.

Basi nini kifanyike? Mambo haya hayangoji msaada wa shirika lolote.

Kwenye matanga, wazee walizuie lile swali. Likitamkwa, mzee mmoja asimame aseme: hapa hatushitaki maiti. Kisha yaulizwe mengine, hadharani, na majibu yaandikwe: kijana alikuwa na umri gani, alichukuliwa lini, nani alimchukua, nani alimfunga, nani alimtuma. Shefu wa kijiji na mashirika ya raia watunze majina hayo. Orodha ya majina ina maisha marefu kuliko kundi lolote lenye silaha, na iko siku mahakama itaihitaji.

Mganga anayejua kutibu, na wako wanaojua majani ya homa na ya vidonda, aamue anataka kuhesabiwa upande gani. Anayesema mfuko wake unazuia risasi auvae yeye, asimame yeye mbele. Asipotaka, asimfunge mtoto wa mtu.

Ndugu walioko Nyarugusu ng'ambo ya ziwa, na wale waliofika Marekani na kwingineko, wanaotuma pesa nyumbani, wasichoke kuuliza pesa inakwenda wapi. Pesa ya daftari, ya dawa ya hospitali na ya chakula ni msaada. Pesa ya "kumkinga kijana" anayejiandaa kwenda porini ni nauli ya kwenda kaburini. Walioko mbali na milio ya risasi wana wajibu mkubwa zaidi wa kutoshangilia kwenye simu.

Na wazazi, hasa waliokimbia: mtoto akianza kuzungumza habari za kufungwa, asicheke mtu, asimpige mtu. Akae naye usiku ule. Amweleze habari za Bendera na za Kasai. Amweleze kwamba woga si mwiko. Ni akili ambayo Mungu alimpa ili arudi nyumbani. Na kama amekwisha kwenda, na siku moja akirudi na mfuko wake shingoni, apokelewe, apewe maji ya kuoga na chakula, bila kuulizwa alikosea nini. Wa kuulizwa ni wengine, na majina yao yanajulikana.